Tumbo Langu Ukweni

Siku niliyomaliza shule ya bweni niliapa kwamba maharage nimeyala ya kunitosha maisha. Tulikula maharage mchana, tukala maharage jioni, na Jumapili uongozi wa shule ulitubadilishia: ugali ukawa wali, maharage yakabaki palepale. Nilipiga hesabu ya miaka minne, nikatoa likizo, nikarudia kuhesabu, nikapata milo elfu mbili na ushee. Nikasema basi, zamu yangu imekwisha, na wengine wayale.

Maisha yana vituko vyake, yakanipeleka kuyauza. Mimi ni dalali wa mazao hapa Sumbawanga. Naishi Kasense, nazunguka vijiji hadi Chala na Namanyere, nawatafutia wenye malori mahindi na maharage. Punje moja nikiing'ata nakuambia ni ya msimu huu au ililala ghalani. Ila kuyala, hapana. Kwangu ilikuwa nyama, kuku, au migebuka ya ziwani. Mgeni akinikuta na maharage mezani niliona kama amenikuta na suruali iliyochanika makalioni.

Haya ninayoyaandika sijayasimulia kijiweni, na kijiweni nasimulia karibu kila kitu.

Yalianza na nyama. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Chala kutusalimia, akalala chumba cha watoto kwa kuwa watoto wetu wote wawili wako bweni. Mke wangu alipika nyama ya mchuzi. Vilikuwa vipande kumi na viwili. Najua kwa sababu nilivihesabu vikiwa vibichi, nikavihesabu tena vinachemka. Mwanaume kuingia jikoni kufunua sufuria ni aibu popote, na kwetu Ufipa ni aibu zaidi, lakini mimi nilijipa ruhusa, nikijiambia kwamba mfanyabiashara hawezi kujizuia. Jioni nilikula vinne, mke wangu viwili, mama viwili. Vilipaswa kubaki vinne. Nikafunua sufuria, nikakuta kimoja.

"Vitatu vimekwenda wapi?" nikauliza, tena kwa sauti ya sokoni.

Mke wangu akasema, "Punguza sauti."

"Kumbe mama yako bado ana meno!"

Ukuta wa jikoni na chumba cha watoto ni tofali moja. Mke wangu alipangusa mikono. Alifungua kabati, akatoa bakuli, akaondoa kifuniko. Vipande vitatu.

"Vya chai yako ya asubuhi," akasema.

Mama mkwe alikuwa ameaga kwao kwamba atakaa kwetu siku nne. Alfajiri tulikuta kitanda kimetandikwa na yeye hayupo. Alikwenda stendi kwa miguu, hakuwa amegusa hata uji.

Siku ya tatu mke wangu akafunga begi moja. Hakugomba. "Naenda kumsaidia mama kuvuna maharage," alisema, na mimi nikakubali kwa haraka kama mtu aliyepata mali rahisi. Lakini nani asiyejua uvunaji wa Chala? Shamba lao ni la wiki mbili, tena ukiweka na kupukuchua. Wiki ya tano ilipoingia nikaelewa kwamba kule maharage yamekwisha siku nyingi na mke wangu harudi.

Katika upweke huo nikala nyama kweli kweli, ya kuchoma, ya supu, ya kushindana na nani sijui. Kidole gumba cha mguu wa kulia kikavimba, kikawa chekundu, shuka likikigusa naona nyota. Nikaenda zahanati. Nesi alikuwa binti ambaye ningeweza kumzaa.

"Baba, hii ni gauti. Nyama punguza sana, na bia. Kula maharage, choroko, kunde, karanga. Ila uliacha siku nyingi, tumbo limesahau. Anza na vijiko vichache. Yaloweke usiku kucha, maji yale umwage, upike kwa maji mengine mpaka yalainike kabisa. Wiki tatu tumbo litazoea."

"Wiki tatu nyingi. Fanya mbili."

"Baba, hii si bei."

Nilitoka pale nikichechemea, lakini njiani nikapata wazo lililonifurahisha. Nitarudi kwenye maharage. Kisha nitakwenda Chala nimwambie mke wangu kwa mdomo wangu: nimeacha nyama. Nilidhani hicho ndicho alichokuwa anakidai.

Sasa nieleze kosa ambalo mtu asiyeuza maharage hawezi kulifanya. Sisi tunakagua gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji katikati. Unalichoma gunia, punje zinateremka mkononi, unaona mali ya ndani. Punje hizo huzirudishi, zinaingia kwenye ndoo. Mwisho wa msimu ndoo yangu inajaa maharage ya magunia mia moja na zaidi: ya njano, mekundu, ya madoadoa, ya mwaka huu na ya mwaka juzi. Wake zetu huwapa kuku. Kila mtu sokoni anajua huwezi kuyapika chungu kimoja, kwa sababu mapya yanaiva na kuvurugika wakati ya zamani bado ni kokoto.

Mimi niliyapika chungu kimoja. Ndoo nzima imekaa pale, nikanunue mengine ya nini? Kuloweka nilisahau. Maji sikumwaga, nilijiambia nguvu yote imo humo. Nusu ikawa uji, nusu ikawa changarawe, nikala sahani mbili, na asubuhi nikamalizia kiporo. Vijiko vichache vya nesi niliviona ni vya wagonjwa.

Usiku ule tumbo langu lilinguruma kama lori linalopanda mlima na mzigo wa kupindukia. Asubuhi kifungo cha suruali kilikataa. Siku ya pili nikawa nimejaa upepo hadi nikiinama kukagua mali naogopa. Sokoni nilijifunza kusimama upande unakoelekea upepo, nyuma ya wenzangu, maana upepo wa Ufipa miezi hiyo ya baridi una kasi, unachukua habari zako na kuzifikisha mbali. Mwenzangu mmoja akaniuliza, "Mzee, huko ghalani kwako kuna panya amekufa?" Nikamwambia atakuwa panya. Kumbuka jibu hilo lilivyonitoka upesi.

Mtu mwingine angepumzika. Mimi niliendelea siku tisa, sahani mbili kila siku, kwa hesabu kwamba nikikazana tumbo litazoea mapema, nipate lile punguzo nililonyimwa zahanati.

Siku ya kumi nikaenda Chala na mshenga wangu. Huyu ni fundi cherehani, mtu mzima kunizidi, ndiye aliyepeleka barua yangu ya posa miaka kumi na sita iliyopita. Mkeo akirudi kwao huendi peke yako kama unayedai deni. Unakwenda na yule aliyekuombea mwanzo. Tulipanda pikipiki yake, yeye mbele, mimi nyuma. Alikuja kuniambia baadaye kwamba hajawahi kufurahi kuwa dereva kama siku ile.

Baba mkubwa wa mke wangu ndiye aliyetupokea, maana baba mkwe alishafariki. "Shikamoo baba." "Marahaba, karibuni, mmepita baridi." Mke wangu sikumwona. Mama mkwe alikuwa upande wa jikoni na wanawake wengine wawili, amekaa mgongo wake ukitazama kwetu. Nikachuchumaa mbali, nikasema shikamoo mama. Akaitikia bila kugeuka, inavyotakiwa. Sikuweza kujua ni heshima ya ukwe au ni vile vipande vya nyama.

Kikao hakikuanza. Kwanza chakula. Wakaleta ugali wa ulezi, na bakuli la maharage ya njano, mapya, yameiva yamelegea, yameungwa karanga. Bakuli kubwa. Nikamtazama mshenga, mshenga akaangalia dari. Mkwe aliyekuja kutafuta suluhu akikataa chakula, awashe pikipiki arudi. Nikala. Kusema kweli yalikuwa matamu, na hilo nalo liliniuma, kwa sababu ni mkono wa mama mkwe, na mkono huo ndio niliousingizia wizi.

Tulipomaliza kunawa nilijua sina muda mrefu. Tumbo lilikuwa limeanza kujipanga upya. Choo kilikuwa nyuma ya nyumba, lakini njia yake inapita mbele ya jikoni, na mimi nimelelewa kwamba mkwe hapiti mbele ya mama mkwe ameshika kopo la maji. Ningemwomba nani anionyeshe njia nyingine? Nikabana.

Wakaingia. Baba mkubwa kwenye kiti chake, mjomba wa mke wangu pembeni, mimi na mshenga kwenye benchi. Mama mkwe akaja akakaa mkekani, nyuma yetu karibu na mlango, khanga imefunika hadi paji la uso. Mke wangu walimwacha chumbani, ataitwa.

Baba mkubwa hakuzunguka.

"Mwanangu, tumesikia ulihesabu nyama."

"Ni kweli, baba."

"Ukahesabu vingapi?"

"Kumi na viwili, baba."

"Ukasema mama yenu ana meno."

Nikainamisha kichwa. Nadhani ni kule kuinama. Nilijamba. Nimejaribu kutafuta neno lenye adabu na kila nilipolipata lilikuwa linanificha, basi na libaki hilo. Upepo wenyewe haukuwa wa siri. Ulianza chini, ukapanda, ukakatika, halafu, ikiwa mtu alikuwa na shaka, ukarudia.

Mshenga alikohoa kama mtu aliyepaliwa. Na hapa ndipo penye aibu yangu. Upepo si aibu, kila tumbo lina siku yake. Aibu ni nilichofanya baada ya hapo. Kabla mtu yeyote hajapata wazo, niligeuza shingo, taratibu, kwa uso wa mtu anayestaajabu kwa upole, nikatazama mkekani.

Miaka ishirini ya sokoni imenifundisha kwamba watu hutazama unakotazama. Baba mkubwa akatazama mkekani. Mjomba akatazama mkekani. Mama mkwe akainuka, akavuta khanga mdomoni, akatoka.

Baba mkubwa akajipangusa uso. Nilimwona anavyoona haya kwa ajili ya nyumba yake. "Uzee huo," akasema kwa sauti ndogo. "Tusamehe, mkwe."

Mimi nikasema, "Hakuna neno, baba. Ni kawaida."

Nilisema hivyo. Nilimsamehe mama wa watu.

Basi kikao kikalainika. Yule mzee aliyekuja na maswali makali akawa anatafuta njia ya kumaliza upesi. Akasema makosa yako pande zote, akasema mambo ya jikoni yasivunje nyumba, akasema mwiteni binti tumalize. Mkono wangu wa biashara ukasikia bei inashuka, ukafurahi, Mungu anisamehe. Mshenga alinikanyaga mguu, tena ule wenye kidole. Nikajifanya sikusikia.

Mke wangu akaitwa. Akaingia, akawaamkia, akapiga goti, halafu akasema, "Baba, kabla sijajibu naomba niongee naye nje kidogo."

Akanipeleka nyuma, kwenye turubai ambako walianika mabaki ya maharage. Wiki sita sikuwa nimemwona. Alikuwa amepungua na amependeza. Nikaanza na ile hotuba yangu.

"Mke wangu, nimeacha nyama. Siku ya kumi leo. Nakula maharage tu."

"Nimesikia."

"Nani amekuambia?"

"Umeniambia mwenyewe, nikiwa chumbani. Mara mbili."

Nikaokota punje moja turubaini, nikaing'ata.

"Miaka kumi na sita nalala na wewe," akasema. "Unadhani siujui?"

"Ni maharage. Nesi alisema tumbo litachukua..."

"Nani alikuambia mimi nina ugomvi na nyama? Kula ng'ombe mzima na pembe zake. Mama yangu yuko wapi?"

"Jikoni."

"Anafanya nini?"

Sikujua. Akaniambia. Mama amekaa nyuma ya kuni, amejifunika, na wale wanawake wawili wanacheka, na kesho asubuhi kisimani Chala nzima itakuwa inajua kwamba mama fulani alijamba mbele ya mkwe wake. Mjane wa miaka zaidi ya sitini, kiongozi wa jumuiya kanisani.

"Nitamwomba radhi," nikasema. "Sasa hivi. Nakwenda pale jikoni, mimi na yeye tu."

"Hapana."

"Basi mshenga alifikishe. Ndiyo kazi yake."

"Mshenga ndiye aliyejamba?"

"Mke wangu, tulimalize nyumbani. Nitakuja mwezi ujao, nitaleta..."

"Usinipe bei." Hakupandisha sauti hata kidogo. "Ulimtazama mbele ya watu. Rudi ndani ukaseme mbele ya watu. Ukitoka hapa bila kusema, mimi sitakuja Kasense, sitakuja kabisa, na watoto nitawaambia sababu."

Nilimtazama usoni nikitafuta ile nafasi ndogo ambayo kila muuzaji huibakiza. Hakuwa ameibakiza.

Kutoka kwenye turubai hadi mlangoni ni hatua kumi na nne. Nilizihesabu, nikatamani ziwe nyingi zaidi. Ndani walikuwa wameshaanza kucheka mambo mengine, mshenga na mjomba wanaongelea mvua. Nilisimama katikati, sikukaa.

"Baba, nina neno. Ule upepo ulikuwa wangu."

Baba mkubwa akaegemea mbele. "Sema tena. Sikio hili limekufa."

Nikasema tena, kwa nguvu. Dirishani nikasikia mtu anaguna, wale wanawake walikuwa wamesogea. Vizuri, nikawaza, nao wasikie. Halafu nikasema lile lililo baya zaidi: kwamba nilimtazama mama makusudi ili wamtazame yeye, nikaona wamemtazama, nikakaa kimya, na walipoomba msamaha nikaupokea.

Mshenga akatazama sakafuni. Baba mkubwa akageukia dirishani.

"Mwiteni mama yenu," akasema.

Mama mkwe akarudi, akakaa palepale mkekani. Mimi nikapiga magoti nikiwa nimetazama ukuta, maana kumtazama ni kosa lingine. Nikasema, "Mama, upepo ulikuwa wangu. Na zile nyama zilikuwa kabatini. Nisamehe yote mawili."

Nilisikia anakunja khanga, anaikunjua.

"Mimi nilijua ni wewe," akasema mwishoni. "Ulikuwa umenipa mgongo, ningekosaje kujua? Niliinuka nikatoka ili mwanangu usipate haya mbele yangu. Nikafika jikoni nikakuta haya nimepewa mimi."

Alitoka kunisitiri. Wakati huohuo, shingo yangu ilikuwa inageuka kumuuza.

Baba mkubwa akamgeukia mke wangu aliyesimama mlangoni. "Binti, umesikia. Unarudi kwako au hurudi?"

"Narudi, baba."

"Leo?"

"Leo hapana. Mimi nitapanda basi langu. Siwezi kukaa nyuma yake wala mbele yake, hali yake bado."

Hapo mjomba akaangua kicheko, mshenga akafuata, baba mkubwa akacheka hadi akatoa kofia. Dirishani walicheka bila kujificha. Mimi nikacheka pia, kwa kuchelewa, kwa sababu nilikuwa nasikiliza kama mkekani kuna kicheko. Hakikuwapo.

Mke wangu alirudi baada ya siku kumi na mbili. Hakuniambia anakuja, nilirudi sokoni nikamkuta uani anawamwagia kuku ile ndoo ya bambo. Usiku aliloweka maharage ya aina moja, asubuhi akamwaga maji, akanipimia vijiko vitano. Nikasema ongeza. Akafunika sufuria. Tumbo lilitulia wiki ya tatu, kama nesi alivyosema, siku ileile. Nyama nakula mara moja moja, na jikoni siingii.

Chala tunakwenda Krismasi na wakati wa kuvuna. Mama mkwe ananipokea vizuri, anaitikia shikamoo yangu, anaulizia kidole. La siku ile hajaligusa, wala mtu mwingine wa nyumba hiyo. Isipokuwa kila nikifika nakuta benchi limeondolewa, na kiti changu, peke yake, kimewekwa chini ya dirisha lililofunguliwa wazi, hata Juni, hata baridi ikate kiasi gani. Sijawahi kuuliza nani anakiweka. Nakaa.